UZI: Kompyuta ikisema una deni, nani alete ushahidi? Mtazamo wa Martyn Thomas, mhandisi wa Uingereza

Fundi_Saa (mleta uzi)

Habari za Jumapili wakuu.

Programu ya simu ikigoma unazima unawasha, maisha yanaendelea. Lakini kuna watu ambao kazi yao ni kuandika programu za ndege, za ishara za reli, za mashine za mionzi hospitalini. Huko ikigoma watu wanazikwa. Uingereza ina ukoo mkubwa wa wahandisi hawa, na mmoja wao anaitwa Martyn Thomas. Namfuatilia muda mrefu, na nimeona nimlete hapa kwa sababu haishii kwenye kompyuta. Anaingia mahakamani, kwenye uchaguzi, mpaka kwenye mambo ya vita.

Historia yake kwa haraka: mwaka 1983 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Praxis mjini Bath. Wakati ule (na hata leo) wengi walikuwa wanaandika, wanajaribu, wanaziba viraka. Praxis wakasema hapana, kwanza andika kwa hisabati mfumo utafanya nini, halafu thibitisha kwamba ulichokiandika kinafanya hicho hicho. NATS, waongozaji wa ndege wa Uingereza, walikuwa miongoni mwa wateja wao. Kati ya 2015 na 2018 alikuwa profesa Gresham College, London, chuo ambacho mihadhara yake ni bure kwa umma.

Sasa hoja. Kwenye ndege za abiria, hitilafu ya kuangusha ndege inatakiwa isizidi mara moja kwa saa bilioni moja za kuruka. Nani amewahi kujaribu kitu kwa saa bilioni moja? Hiyo ni zaidi ya miaka 114,000. Bev Littlewood na Lorenzo Strigini wa City University, London, walilianika jambo hili mwaka 1993: kwa majaribio peke yake huwezi kuthibitisha usalama wa kiwango hicho, hata upewe umri wa Nabii Nuhu mara mia. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumeijaribu, haina shida", alichokuambia ni kwamba hajaiona shida. Basi. Thomas anataka zaidi ya hapo: unayedai mfumo ni salama, ushahidi wako ulingane na ukubwa wa dai lako.

Nchi yake yenyewe ikafanya kinyume, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Posta ya Uingereza ilianza kufunga mfumo wa Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na ICL, kampuni iliyokuwa ya Fujitsu. Waliokuwa wanautumia ni mawakala wa posta, watu wenye duka mtaani, kaunta moja ya stempu na pensheni, nyingine ya maziwa na magazeti. Jioni wakifunga hesabu, mfumo unasema pesa zimepungua. Mkataba unasema upungufu ni wako, lipa. Wengine waliuza nyumba. Ukigoma kulipa unashtakiwa, na Posta ilikuwa na uwezo wa kushtaki yenyewe bila kupitia polisi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa mfumo ule. Seema Misra, wakala wa West Byfleet, alifungwa Novemba 2010 akiwa na mimba. Hukumu yake ilifutwa Aprili 2021.

Ngoja niwape kisa kimoja muone mfumo "unaibaje". Dalmellington, Scotland, Oktoba 2015. Wakala anapokea pauni 8,000 kwenye kituo chake kidogo, anabonyeza kitufe cha kuthibitisha. Skrini imeganda. Anabonyeza tena. Imeganda. Anabonyeza tena na tena. Kumbe kila alipobonyeza, mfumo ulikuwa unaandika pauni 8,000 nyingine. Mara nne. Kwenye kompyuta amepokea 32,000, kwenye droo ana 8,000. Anadaiwa 24,000 ambazo hazijawahi kuwepo duniani.

Na mahakamani je? Kulikuwa na kifungu cha 69 cha sheria yao ya polisi na ushahidi ya 1984, kilichomtaka anayeleta karatasi ya kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kikafutwa kwa sheria ya 1999. Tangu hapo mahakama inachukulia kwamba kompyuta iko sawa, mpaka wewe unayeshtakiwa uonyeshe haiko sawa. Wewe muuza maziwa, usiye na seva, usiye na kumbukumbu za hitilafu, usiyejua hata jirani yako wa kijiji cha pili ana tatizo hilo hilo.

Thomas na wataalamu wenzake waliiandikia serikali kwamba dhana hiyo haina msingi wa kihandisi hata kidogo. Mimi namuunga mkono asilimia mia. Karibuni tujadili.

---

Jamaa_wa_Kongowea

Mkuu umenigusa. Sisi Wakenya hili la "kompyuta imesema" tumelilipia kwa damu. ET302 ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, Machi 10, 2019. Ndege imetoka uwanja wa Bole, Addis Ababa, kuja Nairobi, dakika sita tu hewani, ikajichimbia ardhini karibu na Bishoftu. Watu 157, Wakenya 32. Miezi minne na siku kadhaa kabla, Lion Air ya Indonesia ilikuwa imeanguka na watu 189 kwa sababu hiyo hiyo.

Chanzo kilikuwa MCAS, programu ya kuinamisha pua ya ndege. Sasa sikilizeni hapa: ndege ina vipimo viwili vya pembe ya upepo, kimoja kila upande, lakini MCAS ilikuwa inasikiliza kimoja. Kile kimoja kikiharibika, programu inaamini pua iko juu mno, inaisukuma chini. Rubani anavuta juu, programu inasukuma tena. Na kabla ya ajali ya Indonesia marubani hawakuwa hata na jina lake kwenye kitabu chao.

Haya, na waangalizi je? Mwangalizi wa Boeing alikuwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na FAA ilikuwa imewakasimu wafanyakazi wa Boeing wenyewe sehemu ya kazi ya ukaguzi. Baada ya ET302 dunia nzima ilikuwa inasubiri Marekani iseme. China haikusubiri, ilizuia ndege hizo tarehe 11. Uingereza na Ulaya tarehe 12. Marekani yenyewe tarehe 13. Yaani muhuri ambao dunia nzima ilikuwa inauamini kwa miaka na miaka, uliisha thamani ndani ya siku mbili.

---

Devu_Sinza

Mleta uzi, mada nzuri ila naona unatupeleka pabaya. Mimi ni mwandishi wa programu, nafanya na wafanyabiashara wa hapa Dar. Mteja anakuja Jumatatu anataka mfumo wa duka ufanye kazi Ijumaa, bajeti yake haifiki bei ya pikipiki. Nimwambie subiri niandike kwanza hisabati? Atakwenda kwa kijana wa pale Mwenge.

Pili, kile kifungu cha 69 hakikufutwa kwa uchawi. Kilikuwa kinakwamisha kesi. Kila karatasi ya kompyuta lazima mtu atoe cheti au ushahidi kwamba mashine ilikuwa nzima, hata mashine ya kupima ulevi wa dereva. Mawakili walikuwa wanakitumia kuwachomoa wateja wenye makosa. Tusijifanye zamani ilikuwa pepo.

---

Fundi_Saa

Devu, la pili nakubali nusu. Kile kifungu kilikuwa kibovu. Lakini Thomas na wenzake hawakuomba kirudi kama kilivyokuwa. Pendekezo lao ni la hatua mbili: kwanza mwenye mfumo aweke mezani orodha ya hitilafu anazozijua, ripoti za ukaguzi na kumbukumbu za nani aliingia kubadilisha nini. Kama ni safi, kesi inaendelea. Kama kuna uchafu, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Horizon ingekufa kwenye hatua ya kwanza kabisa, maana Fujitsu walikuwa na orodha ya hitilafu wanazozijua, na walikuwa na uwezo wa kuingia kwenye hesabu za wakala kutokea mbali. Haya yote yaliwekwa wazi kwenye hukumu ya Jaji Fraser ya Desemba 2019, kesi ya wakala Alan Bates na wenzake 554 dhidi ya Posta. Mpaka Januari 2025 ndipo wizara ya sheria ya Uingereza ikaanza kukusanya maoni ya kubadilisha dhana hiyo. Zaidi ya miaka 20!

La kwanza sikubali. Hakuna anayekutaka uthibitishe mfumo wa duka la mangi kwa hisabati. Lakini usisingizie bei kupita kiasi. Praxis waliwahi kutengeneza mfumo wa usalama wa kadi janja (zenye chipu) za MULTOS, karibu mistari 100,000, na mwaka wa kwanza wa matumizi zikaonekana hitilafu nne. Nne. Nao walitoa dhamana, hitilafu ikionekana wanarekebisha bure. Hebu nitajie programu nyingine uliyonunua ikaja na dhamana. Ukisoma mkataba wa programu yoyote utaona mwenyewe: "inatolewa kama ilivyo". Hata jiko la mkaa lina masharti mazuri kuliko hayo.

---

Mbongo_Reading

Sisi tunaoishi huku tuna kisa kingine kinachomhusu NATS mwenyewe, wale wateja wa zamani wa Praxis (ingawa mfumo huu hawakuutengeneza wao). Tarehe 28 Agosti 2023, siku ya mapumziko, anga ya Uingereza ilikwama. Abiria zaidi ya 700,000 waliathirika. Watu wamelala sakafuni kwenye viwanja, wengine wamekwama Ugiriki na Uhispania kwa siku kadhaa.

Chanzo? Ndege moja kutoka Los Angeles kwenda Paris, inayokatiza anga ya Uingereza. Kwenye ratiba yake kulikuwa na vituo viwili vya angani vyenye herufi zile zile, DVL. Kimoja ni Devils Lake huko North Dakota, Marekani, kingine Deauville, Ufaransa. Mfumo ukajiuliza ndege inatoka wapi kwenye anga yetu, ukashika DVL ya Marekani, ukaona haina maana, ukaamua kujizima kuliko kumpa mwongozaji taarifa ya uongo.

Mpaka hapo sina ugomvi, kujizima ni bora kuliko kudanganya. Tatizo ni lililofuata. Mfumo wa akiba ukachukua kazi, ukasoma ratiba ile ile, ukajizima kwa namna ile ile. Yote miwili ndani ya sekunde 20 hivi. Kwa sababu akiba ilikuwa ni programu ile ile! Roketi ya Ariane 5 ilikufa hivyo hivyo Juni 1996, sekunde 37 baada ya kuwasha injini: kompyuta mbili za mwelekeo, programu moja, kosa moja la namba kubwa kushindwa kuingia kwenye nafasi ndogo, zote zikaanguka pamoja. Chuma cha akiba kinasaidia chuma kikivunjika. Kosa la kufikiri ukilinakili unakuwa nayo mawili.

---

Binti_Tandale

Mimi sijui Praxis wala nani. Ni wakala wa pesa za simu, nina kibanda. Hiyo ya Dalmellington imenitoa machozi kwa sababu imenikuta.

Mteja alikuja kuweka pesa, laki mbili. Nikatuma, mtandao ukasumbua, haikuja meseji. Mteja ana haraka, basi lake linaondoka, ananiambia dada tuma. Nikaangalia salio, halijapungua. Nikatuma tena. Baadaye zikaja meseji mbili kwa mpigo, floti imepungua laki nne, mteja yuko njiani Morogoro kazima simu. Nikapiga huduma kwa wateja. "Dada, mfumo unaonyesha umetuma mara mbili na zote zimefanikiwa." Nikamwambia salio lilikuwa halijapungua nilipoangalia. "Mfumo hauonyeshi hivyo." Mwenye kibanda naye ananiangalia kama mwizi. Nimelipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo mkuu Devu, usiniambie habari ya Ijumaa.

---

Devu_Sinza

Pole sana dada. Hiyo kitaalamu ni uzembe wa waliotengeneza. Ombi moja lilitakiwa liwe na namba yake ya kipekee, likija mara ya pili ndani ya dakika chache kwa namba ile na kiasi kile mfumo ukuulize "una uhakika?". Si hisabati ya kutisha, ni kazi ya siku moja. Hapo nasimama na mleta uzi.

---

Mzee_Changombe

Vijana mnamsifia Mwingereza mpaka basi. Mmesahau rada? 2001, wametuuzia rada ya pauni milioni 28, BAE Systems, kampuni yao ya silaha, hao hao wa mambo ya usalama wa anga. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wakasema ni ghali na haitoshelezi ndege za kiraia. Clare Short, waziri wao mwenyewe wa misaada, akapiga kelele, Tony Blair akaipitisha. Mwaka 2010 BAE wakakiri mahakamani hawakutunza vizuri kumbukumbu za mahesabu ya mauzo yale. Tukarudishiwa pauni milioni 29.5, "chenji ya rada", ikanunua vitabu na madawati. Sasa huyo Thomas na wenzake walikuwa wapi kutuambia tuombe ushahidi?

---

Fundi_Saa

Mzee shikamoo. Umepiga penyewe, na sina cha kumtetea Mwingereza. Ila ona kilichotokea: wataalamu wa ICAO walitoa jibu, halikufuatwa. Mnunuzi hakutaka kusikia na muuzaji hakutaka aulizwe. Hapo hakuna hisabati inayosaidia.

Ngoja nilete la vita nililoahidi. Machi 2011 Thomas aliongoza ripoti ya Royal Academy of Engineering, taasisi ya wahandisi wa Uingereza, kuhusu GPS. Watu wanadhani GPS ni ramani ya bolt. Kumbe ni saa. Minara ya simu, mabenki, gridi za umeme, vyote vinachukua saa kutoka kwenye setilaiti. Ripoti ikasema tumeegemea mno kitu kimoja dhaifu, maana mawimbi yale yakifika ardhini ni hafifu kabisa, na kifaa kidogo cha bei rahisi kinaweza kuyazima. Mamlaka za minara ya taa za Uingereza zilishajaribu kwa makusudi karibu na Flamborough Head, kuzima GPS kwenye eneo dogo la bahari. Mitambo ya meli ikaanza kupiga kengele mmoja baada ya mwingine, na mingine ikaonyesha meli iko nchi kavu bila kupiga kengele yoyote. Hiyo isiyopiga kengele ndiyo ya kuogopa.

Wakati ule ilionekana ni hofu ya wazee wa maabara. Machi 2024 ndege ya jeshi la Uingereza iliyombeba waziri wa ulinzi Grant Shapps ilizimiwa GPS ikipita karibu na Kaliningrad, eneo la Urusi kwenye bahari ya Baltiki. Marubani wa Baltiki siku hizi wanalizungumzia kama hali ya hewa.

---

Jamaa_wa_Kongowea

Na uchaguzi je? Umesema anaingia huko.

---

Fundi_Saa

Alitoa mhadhara Gresham akiuliza kama watu wapige kura kwa intaneti. Jibu lake ni hapana. Kura ina masharti mawili yanayopigana: lazima iwe siri, na lazima aliyeshindwa aridhike kwamba imehesabiwa sawa. Benki ikikosea unaleta taarifa ya akaunti, mnakaa mnalinganisha. Kura yako huwezi kuileta, maana ikiwa na jina lako si siri tena. Karatasi inaweza kuhesabiwa upya na mama yoyote aliyesoma darasa la saba, mbele ya mawakala wa vyama vyote.

---

WakiliMsomi_TZ

Niingie hapo kwa sababu ndiyo sehemu yangu. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Mahakama ilikuwa imeamuru IEBC, tume ya uchaguzi, wafungue seva, hawakutekeleza ipasavyo, na majaji wakasema ukikataa kuonyesha tutachukulia kwamba kilichomo hakikusaidii. Hiyo ni kinyume kabisa na dhana ya Waingereza aliyoieleza mleta uzi. Mahakama ya hapa kwetu Afrika Mashariki, ya Kenya, iliwatangulia, jamani tujipe sifa zetu mara moja moja.

Kuhusu sheria: Kenya wana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaka cheti na kinataja kompyuta kufanya kazi sawasawa katika kipindi husika. Sisi tuna kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, nacho kinagusa suala hilo hilo. Kwenye karatasi tuko vizuri. Kwenye mazoezi, cheti kinasainiwa na meneja ambaye hajawahi kuiona hiyo seva, na wakili wa upande wa pili hamuulizi swali hata moja. Nimeona kesi za wizi wa mtumishi ambazo ushahidi wote ni karatasi mbili zilizochapwa kutoka kwenye mfumo.

---

Binti_Tandale

Wakili, mtu kama mimi afanye nini? Lugha rahisi.

---

WakiliMsomi_TZ

Dada, kwanza kamwe usisaini karatasi ya kukubali deni siku ile ile, hata wakikutisha. Wale mawakala wa Uingereza wengi walibanwa hapo: walisaini hesabu ya mfumo ili kesho waweze kufungua duka, na saini ile ikaja kutumiwa dhidi yao.

Pili, daftari. Saa, namba ya muamala, kiasi, salio kabla na baada. Mtandao ukisumbua piga picha skrini na simu nyingine, saa ionekane. Ukipiga huduma kwa wateja omba namba ya malalamiko na uiandike.

Tatu, andika barua kuomba kumbukumbu za mfumo za dakika ile, si za siku nzima, dakika ile. Uulize kama siku hiyo kulikuwa na hitilafu iliyoripotiwa na mawakala wengine. Wakikataa, barua yenyewe ni ushahidi kwamba uliomba. Nakala peleka kwa mdhibiti. Na tafuta mawakala wenzako wa Tandale na Manzese, uliza nani mwingine limemkuta.

---

Binti_Tandale

Wa Manzese nawajua wawili tayari. Kesho nawapigia.